Baba anasema ndiyo leo, kesho amesahau: tuuchape mswada wake?

SWALI: Dada, shikamoo. Baba yangu ni mwandishi, ana miaka 86. Juzi nikipanga kabati lake nikakuta riwaya nzima, kurasa kama mia mbili zimepigwa taipu, hajawahi kuitoa. Mchapishaji kasikia, anataka mkataba usainiwe haraka. Baba nikimuuliza leo anasema "toeni tu", kesho ananiuliza riwaya gani. Na pembeni mwa kurasa nyingi kaandika kwa wino mwekundu neno moja, "bado". Ndugu zangu wanasema mbona Kafka, yule mwandishi wa Prague aliyeandika kwa Kijerumani, aliagiza kazi zake zichomwe, rafiki yake akazichapa na leo dunia nzima inashukuru. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo "bado" imenikaa kichwani tangu nisome barua yako, maana mtu asiyetaka kabisa kazi yake angeichana, na aliyeridhika angeipeleka zamani, sasa mzee alikuwa katikati na hakuna anayejua alikwama wapi isipokuwa yeye.

Mfano wa Kafka hauwasaidii. Kafka alishafariki, 1924, hakuna wa kumuuliza tena, na huyo rafiki yake, Max Brod, alieleza kwamba alimwambia Kafka mapema akiwa hai kuwa hatachoma kitu. Baba yenu yupo hapo, anaongea.

Mi naona mmekaribiana zaidi na Harper Lee, yule Mmarekani aliyeandika To Kill a Mockingbird. Kitabu chake cha pili kilitoka 2015, miaka 55 baada ya kile cha kwanza, yeye ana miaka 89, kiharusi kilishampiga, haoni vizuri wala hasikii vizuri, na dada yake mwanasheria aliyekuwa akimsimamia mambo alikuwa amefariki miezi michache tu kabla ya tangazo. Watu walilalamika mpaka jimbo la Alabama likachunguza kama mama wa watu analazimishwa, likasema hapana, lakini mpaka leo wasomaji wanabishana. Na kingine kilichowaumiza, wengi walikipokea kama mwendelezo wa hadithi wakati ni mswada alioandika kabla ya kile cha kwanza, wakamkuta yule mhusika baba waliyempenda kwenye kile cha kwanza humu ni mbaguzi, wakahisi wamechezewa.

Kwa hiyo usimuulize tena "tuchape?" kwa mdomo mtupu. Mpe karatasi mkononi, msomee, muulize hapa uliposema bado ulitaka kubadilisha nini. Anayesahau jina la riwaya anaweza akaisikia sentensi yake akaitambua. Rudia siku tofauti tofauti, na siku nyingine aulize mtu asiyepata hata senti kwenye kitabu, maana wewe na ndugu zako ni warithi, hamuwezi kuwa mashahidi peke yenu. Mchapishaji asubiri. Haki ni za mzee na hakuna wa kusaini kwa niaba yake bila idhini ya kisheria.

Jibu likirudi lile lile, chapeni, ila jaladani iandikwe wazi kuwa ni mswada ambao haukukamilika, na msijaze mapengo yake. Akisema hapana siku ambayo akili imetulia, hiyo hapana iheshimuni hata akishaondoka. Watoto wa García Márquez, mwandishi maarufu wa Kolombia, walitoa 2024 riwaya ambayo baba yao alisema iharibiwe, na wenyewe kwenye utangulizi wameuita uamuzi wao usaliti. Sipendi ufike huko.

Anza kesho asubuhi akishaamka vizuri, na ukurasa wenye "bado" ya kwanza.