Maswali ya Wasomaji: Maji ya kisima na molekuli zinazowaka

SWALI: Kisima chetu hapa Katuba, Lubumbashi, tunakitumia kwa kunywa na kupikia. Mwanangu anayesoma kemia ameniambia kwamba kuna molekuli zinazowaka zikikutana na metali nzito ndani ya maji. Je, zinatosha kunihakikishia kwamba wajukuu hawanywi risasi? – Mama wa Katuba

JIBU: Mwanao amesema kweli, mama, ila kutosha ni jambo jingine. Molekuli hizo huwa na sehemu mbili: moja ni kama kiota kinachoipokea ioni ya metali (chembe yake yenye chaji ya umeme) bila kuungana nayo kwa kudumu, na nyingine hutoa mwanga inapomulikwa kwa taa ya urujuanimno. Msingi wa viota hivyo uliwekwa na Charles Pedersen, aliyeeleza mwaka 1967 molekuli zenye umbo la taji, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1987 pamoja na Donald Cram na Jean-Marie Lehn. Kiota kikiwa kitupu, elektroni yake huvukia upande wa mwanga na kuuzima. Ioni ikiingia, elektroni hiyo hushikiliwa na mwanga huwaka. Ili kuivuta zebaki, wanakemia huweka salfa katika kiota, kwa sababu metali hiyo huipenda mno.

Tatizo letu sisi watu wa Katanga, eneo la migodi ya shaba, ni shaba hiyo hiyo. Mara nyingi ioni ya shaba huuzima mwanga badala ya kuuwasha, na kipimo kinachokusudiwa kuonyesha risasi kikizimwa hivyo, macho yatadhani maji ni salama. Tena Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita, ilhali shaba linairuhusu hadi miligramu 2, yaani mara 200 zaidi. Kwa hiyo hata maji yanayokubalika kwa shaba yanaweza kuifunika risasi ndogo yenye madhara kwa ubongo wa mtoto. Kwangu mimi, kipimo cha mwanga kinafaa kuchagua visima vya kuchunguzwa kwanza, wala si kumwambia mzazi anyweshe.

Nakusihi pia usitegemee kuchemsha: mvuke huondoka, metali hubaki na kukolea. Chukua maji kwa chupa safi ya plastiki, uipeleke katika maabara inayopima metali moja moja, na wajukuu wanywe maji ya kwingine hadi majibu yatoke.