McAuliffe hakuwa mkuu wa Divisheni ya 101
Je, Jenerali Anthony McAuliffe wa Marekani ndiye aliyekuwa mkuu wa Divisheni ya 101 ya jeshi la nchi hiyo? Hapana, alikuwa mkuu wa mizinga ya divisheni hiyo ya askari wa miavuli. Wajerumani walipoizingira Bastogne, Ubelgiji, Desemba 1944, mkuu mwenyewe, Maxwell Taylor, alikuwa Marekani na msaidizi wake alikuwa Uingereza, ndipo jukumu la kuongoza likamwangukia McAuliffe. McAuliffe alikuwa mtu wa mizinga tangu alipomaliza chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1918, na pale ilimfaa sana: mizinga iliwasaidia sana kushikilia mji, ingawa makombora yalikuwa ya kuhesabu mpaka ndege zilipodondosha shehena tarehe 23. Januari 1945 akapewa divisheni yake, ya 103. Nyota nne, za cheo cha jenerali kamili, alizipata mwaka 1955. Bastogne alikuwa na moja tu.