Muulize Mwalimu: Shaba ya Kilembe iliishia wapi?

*Ukurasa wa maswali ya wasomaji kuhusu jiografia na historia. Mwalimu ni mstaafu, na huchagua barua anazozipenda.*

Swali, kutoka Changamwe, Mombasa: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa mizigo bandarini Kilindini miaka ya sitini. Alikuwa akitusimulia habari za mikuo ya shaba iliyoshushwa kwenye mabehewa, akisema imetoka Kilembe, chini ya mlima wenye theluji. Sisi wajukuu tukajua ni Kilimanjaro. Kilembe ni wapi hasa? Na hiyo shaba ilikwisha?

Jibu: Marahaba, mjukuu wa karani. Babu alisema kweli, ila mlima ni mwingine. Chukua ramani ya Uganda, tafuta Ziwa George upande wa magharibi, kisha sogeza kidole kaskazini-magharibi hadi Kasese. Hapo ndipo reli ilipokomea. Kilembe iko nyuma yake, kilomita kumi na kitu, ndani ya bonde jembamba la mto Nyamwamba lililoingia katika milima ya Rwenzori. Kasese ni tambarare na jua lake halina huruma. Ukishapanda kwenda Kilembe, hewa inapoa, na nyumba za wafanyakazi wa mgodi zinakupokea zikiwa zimejipanga safu kwa safu kando ya mto, maana pa kujipanga pengine hapakuwepo.

Darasani nilikuwa nikiwanyima alama wanafunzi walioandika kwamba Rwenzori ni volkano kama Kilimanjaro. Si volkano. Ni pande kubwa la miamba ya kale lililosukumwa juu kwenye mipasuko ya Bonde la Ufa, likafika mita 5,109 kwenye kilele cha Margherita. Mito ikaanza kulichonga, na mawe yaliyokuwa yamefukiwa chini sana yakaonekana ubavuni mwa mlima. Bila kuinuliwa huko na kuchongwa huko, shaba ya Kilembe ingekuwa bado imelala gizani, wala babu yako asingeiandika daftarini.

Msafara wa Mtawala wa Abruzzi, Mwitaliano aliyepanda vilele vikuu vya Rwenzori mwaka 1906, ndio unaotajwa kuwa wa kwanza kutambua dalili za shaba. Lakini kuona shaba ni jambo moja, na kuifikisha baharini ni jingine kabisa. Jiwe la Kilembe lilikuwa na shaba kama asilimia 2 tu. Katika kila kilo 100 unazovunja, kilo 98 ni za kutupa. Nani atasafirisha mzigo wa namna hiyo hadi Mombasa bila reli, na atauyeyusha kwa umeme gani?

Ndiyo maana mambo yote yalikuja kwa mkupuo miaka ya hamsini. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilianza kutoa umeme mwaka 1954. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na mwaka huohuo mgodi ukaanza uzalishaji. Kilembe yenyewe ikajengewa kituo chake cha umeme kwenye mto Mubuku. Jiwe lilisagwa palepale Kilembe likawa makinikia, yaani unga wenye shaba nyingi kuliko jiwe lenyewe, makinikia yakapanda treni hadi kiyeyushio cha Jinja, na kilichotoka Jinja ndiyo hiyo mikuo ya babu: shaba ghafi iliyokuwa bado inahitaji kusafishwa ng'ambo. Wenye usukani walikuwa Wakanada, kampuni ya Falconbridge. Katika miaka ya sitini shaba ilikuwa ya tatu kwa kuiingizia Uganda fedha za kigeni, nyuma ya kahawa na pamba. Kabonde kamoja tu hako!

Sasa, ilikwisha? Hapana. Hilo wengi hulikosea, hata watu wa Kampala wanaopaswa kujua. Kilichokwisha ni subira ya wenye mali na vipuri vya mitambo. Utawala wa Idi Amin uliwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ikavurugika, na Wakanada nao wakaondoka mgodi ukabaki mikononi mwa serikali. Katikati ya miaka hiyo ya sabini bei ya shaba duniani ikaporomoka. Mashine ikiharibika, kipuri hakipatikani. Kikipatikana, fedha za kigeni hazipo. Kufikia 1982 uchimbaji ulikuwa umesimama. Inakadiriwa kwamba zaidi ya tani milioni 4 za mawe yenye shaba bado zimo mlimani.

Kampuni ya mgodi haikufa, ilibadilika ikawa kama mwenye nyumba mzee: kupangisha nyumba, kuuza umeme, na kusukuma maji yasijaze mahandaki. Mwaka 2013 Wachina wa Tibet Hima walikabidhiwa mgodi kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 serikali ikauvunja. Baada ya hapo yakafuata mazungumzo na wawekezaji wengine, na mimi nikaacha kuyafuatilia gazetini kila wiki.

Kuna kipande ambacho babu hakuweza kukijua. Pamoja na shaba, lile jiwe lilikuwa na kobalti, metali nyingine yenye thamani, ila wakati ule hawakuitoa. Mabaki yake yalirundikwa Kasese, rundo juu ya rundo. Mvua ikinyesha, rundo likatoa maji makali ya asidi yaliyoteremka kuelekea Ziwa George na kuua majani njiani, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Kisha mwaka 1999 kikaanza kiwanda cha kulitafuna rundo hilo kwa bakteria. Naam, vijidudu. Wanakula salfa na chuma kilichomo, kobalti inaachiliwa ndani ya maji, inanaswa. Takataka za baba zikawa mtaji wa mwana, hadi rundo lilipomalizika na kiwanda kikafungwa.

Swali, kutoka Bukoba: Mwalimu, mbona kila nikisikia Kilembe kwenye redio ni mafuriko? Ni mgodi unaosababisha?

Jibu: Mgodi hauleti mvua, lakini una mkono wake katika hasara. Nyamwamba ni mto mfupi wenye mteremko mkali. Mvua kubwa ikipiga juu, saa chache baadaye iko mlangoni kwa watu. Februari 2012 moto uliteketeza uoto wa juu bondeni humo, na mlima uliovuliwa nguo hauzuii maji. Mei 2013 mto ulishuka na mawe, baadhi makubwa kama magari. Mei 2020 ukarudi, na hospitali ya Kilembe iliyokuwa kando yake ikaharibiwa vibaya hadi wagonjwa wakahamishwa.

Mkono wa mgodi ni huu: mchanga wa mabaki uliachwa ukingoni mwa mto. Kila mafuriko huumega na kuushusha kwenye mashamba na visima vya walio chini, ukiwa na shaba na kobalti ndani. Nimewahi kusimama mahali maji ya handaki yanapotokea. Kokoto zilikuwa zimeganda rangi ya kutu, nyingine zina ukungu wa kijani, na hatua chache tu kutoka hapo mama mmoja anafua nguo. Kwa maoni yangu, mwekezaji yeyote ajaye aanze na hilo rundo la ukingoni kabla hajauliza habari za handaki.

Swali, kutoka Nakuru: Nataka kupanda Rwenzori kupitia Kilembe. Inawezekana? Na Kiswahili changu kitanifikisha?

Jibu: Inawezekana. Njia inaanzia juu ya mji, upande wa Kyanjuki, inafuata Nyamwamba kabla ya kuingia kwenye msitu na matope. Nenda Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari; hata hivyo beba makoti ya mvua, mlima huo hauheshimu kalenda. Kibali cha hifadhi ni lazima, na muongozaji pia. Kiswahili utakipata: wenyeji ni Wakonzo, ndugu wa Wanande wa Kongo ambao hukizungumza, na mpaka wa Mpondwe hauko mbali. Ila usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili cha Beni, mji wa huko Kongo. Viatu vya kupandia peke yake havitoshi, tafuta na buti za mpira.