GPS kwenye pikipiki za wafanyakazi

Ndugu yangu, umeuliza kama ufunge GPS, kile kifaa kinachoonyesha kwenye ramani chombo kiko wapi, kwenye pikipiki za vijana wako wa kupeleka mizigo hapo Dar bila kuwaambia. Usifanye kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka umweleze mtu unakusanya nini na kwa sababu gani. Waite, waambie, na kazi ikiisha usiwafuatilie.

Halafu, na hili ndilo kubwa, tazameni ramani pamoja. Ukiona pikipiki imesimama saa nzima Kariakoo, uliza kwanza. Mara nyingi kijana anasubiri watu wa stoo wamfungashie mzigo, na kuchelewa kunaanzia huko. Panga mizigo ifungwe tangu jioni. Mshahara wa kijana usiuguse.