Kibanda kimeungua: nianzie wapi?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, na mwezi uliopita moto wa sokoni uliteketeza kibanda changu pamoja na vitambaa vya wateja. Watu wananiambia kila msukosuko una faida yake, lakini mimi siioni. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Usiwasikilize wanaokutaka uushukuru moto. Hasara ni hasara, na kuilia si udhaifu. Ninachokusihi ni kutazama kilichobaki. Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na mlango huo ulipofungwa akahamia mbio za marathoni, akashinda Hamburg mwaka 2013 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro mwaka 2016. Pigo halikumpa mbio, kwani pumzi na nidhamu ya miaka mingi alikuwa navyo tayari. Lilimlazimisha tu kuvipeleka kwingine.

Nawe ufundi wako haukuungua. Andika majina ya wateja na vitambaa vyao, uwaendee mmoja mmoja kabla hawajakufuata, mkubaliane namna ya kuwalipa kidogo kidogo, hata kwa kuwashonea bila ujira. Kichwa cha cherehani kilichoungua usikitupe. Mpelekee fundi akikague, huenda vipuri vingine vikafaa. Wakati huo azima cherehani ya jirani saa za jioni, uanze na kazi ndogo za kupunguza suruali na kubadilisha zipu.