Kikundi chetu kimegawanyika

SWALI: Shikamoo mama, sie wapanda milima wa huku Newala tumegombana kisa yule Gary Hilton wa Marekani aliyeua watu misituni, Florida walimhukumu kifo 2011, wenzangu wanasema anyongwe tu mi roho inasita, je nawasaliti marehemu?

JIBU: Marahaba mwanangu, huwasaliti hata kidogo. Njiani watu mnagawana maji na muhogo wa kuchoma bila hata kuulizana jina, Hilton akageuza hiyo imani kuwa mtego, Meredith Emerson, binti aliyemuua jimbo jingine la Georgia, alikuwa na mbwa wake tu jamani!! Kwa kesi hiyo ya Georgia alipata kifungo cha maisha sababu alikiri akaonyesha mwili ulipo. Hata kwetu kunyonga kupo kisheria ila tangu 1994 hajanyongwa mtu. Mi mwenyewe nasita, ila nikiwaza wazazi wa Meredith nashindwa kuwalaumu wenzio.