Vya kununua kwanza kwa baiskeli mpya ya mbio

Kaka, umeuliza ununue nini kwanza, maana unataka kupiga Mtwara hadi Mikindani alfajiri. Helmeti na taa nyekundu ya nyuma, hapo hakuna mjadala. Dereva wa lori hakuoni gizani.

Halafu angalia mdomo wa tyubu. Ukiwa mwembamba wenye kinati kidogo juu, kama baiskeli nyingi za mbio, pampu nyingi za mafundi wa kijiweni hazitaushika. Tafuta kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachofungwa kwenye mdomo huo ili pampu ya kawaida ishike, ukae nacho daima. Kabla ya kujaza upepo, legeza kwanza hicho kinati. Beba tyubu ya akiba ya saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 700x25. Za baiskeli kubwa za kawaida hazifai. Ongeza pampu ya mkono, viraka na vijiti vya plastiki vya kutolea tairi.

Oili ya cheni pia, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu inaleta kutu upesi. Ila oili chafu ya injini hapana, inakamata mchanga na kula meno ya gia. Viatu vya kunasa kwenye pedali na nguo za kubana vitasubiri.